Siku Yangu ya Kuhesabu Pumzi, Newala

Saa moja na nusu asubuhi. Mwezi wa saba uwanda wa Makonde huamka na ukungu na baridi, na ndio msimu ambao mikorosho hupulizwa salfa dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu. Kwa hiyo kila kikohozi cha mtoto kinachofika katika zahanati yetu huja na maelezo yake tayari: "Ni salfa tu, daktari." Kwa wengine huenda ni kweli, maana vumbi hilo humwasha koo mtu yeyote, lakini kazi ya tabibu ni kukitazama kifua kwanza, nimonia isimpite.

Saa mbili. Mama humfunua mtoto kifua akiwa ametulia, ikiwezekana akiwa usingizini, nami nahesabu pumzi kwa dakika nzima, kwa kuwa watoto wadogo hupumua bila mpangilio na anayehesabu nusu dakika kisha akazidisha mara mbili hupotoka kwa urahisi. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni za haraka. Kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano, kiwango ni 40. Vijifuko vya hewa vikijaa usaha na majimaji kwa sababu ya bakteria kama nimokokasi, mapafu hukakamaa, na mtoto hufidia kwa pumzi fupi za haraka.

Wengi asubuhi hii wana mafua ya virusi. Nawarudisha nyumbani bila antibayotiki, jambo linalowaudhi wazazi waliotembea mwendo mrefu, na sioni njia ya kuwaridhisha.

Saa nne na nusu. Bibi mmoja ameingia na mjukuu wa miezi 8.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mama yake yuko shambani. Nilitaka nimpeleke akakatwe kimeo."

Pumzi ni 58, kifua hakibonyei, anakunywa vizuri, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu. Hii ni nimonia ya kutibiwa nyumbani: amoksilini ya miligramu 250, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku 5, kikiyeyushwa katika maji safi kidogo. Kuhusu kimeo, kile kinyama cha kooni kinacholaumiwa kwa kikohozi, sikumkaripia, kwani bibi anayekaripiwa leo kesho hupitia kwa mkataji kwanza. Nimemwambia kwamba ugonjwa umeshuka mapafuni, na wembe wa kooni hauufikii. Huleta damu na maambukizi mapya tu.

Saa saba. Mtoto mwingine amelegea, hawezi kunyonya, na kipimo cha kidoleni kinasoma oksijeni ya damu asilimia 86, chini mno. Hapa hatuna oksijeni. Amechomwa ampisilini na jentamisini, akapelekwa hospitali ya wilaya bila kungoja zamu ya mtu.

Saa tisa. Najaza rejista ya MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya, na kupitia kadi za kliniki. Chanjo ya nimokokasi, inayotolewa nchini tangu 2013 katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, haizuii aina zote za bakteria huyo, lakini husaidia, na mjukuu wa yule bibi ana dozi moja tu. Nimempigia simu mama yake: amrudishe baada ya siku tatu nimhesabu tena pumzi, na aje na kadi ili tupange dozi zilizobaki.