Neno moja, inchi 20: ninavyoshona mifarishi ya mada hapa Mwanza

Kilichonifanya niwe mtu wa kumaliza mifarishi ya viraka, na si wa kukusanya vipande tu, ni mashindano ya mada. Tuko kikundi kidogo cha wanawake, wengi wa Ilemela, wengine wanatoka Igoma na Buhongwa. Hakuna kati yetu anayeishi kwa kushona. Yupo muuguzi, yupo anayekaanga samaki jioni, mimi nauza vifaa vya ujenzi. Kila robo ya mwaka mmoja wetu, kwa zamu, anataja mada, na mada ni neno moja tu. Kuanzia hapo kila mtu ana miezi mitatu ya kushona mfarishi mdogo wa inchi 20 kwa 20 wenye tabaka zake zote: uso wa viraka, kijazio katikati, na mgongo. Siku ya kukutana tunaitundika kwenye kamba ya nguo barazani. Wenzako wanasema kwanza wanachokiona, halafu wewe ndiyo unaeleza ulichokusudia. Hakuna mshindi wala zawadi, ila kazi isiyokamilika haipandi kwenye kamba.

Wanaotaka kuanza huniuliza zaidi kuhusu kushona. Mimi naona ugumu hauko hapo. Mtu yeyote aliyewahi kuunga vitambaa viwili kwa mshono ulionyooka anaweza kushona mfarishi. Ugumu uko kwenye mada. Ukipewa neno kama "Subira" unaweza kukaa nalo wiki nzima ukichora mioyo na mikono iliyofumbwa, na mwisho unapata mfarishi unaofanana na wa kila mtu.

Kanuni yangu ni moja, na naishika bila kulegeza: natafuta kitu, sitafuti wazo. Kitu ambacho nimekiona mwenyewe, chenye umbo na rangi, na kilicho huku kwetu. "Subira" kwangu ilikuwa foleni ya magari pale Kigongo, enzi za kuvuka kwenda Busisi kwa kivuko. Kila aliyesafiri kwenda Sengerema au Geita kabla ya daraja kufunguliwa Juni 2025 anaijua foleni ile. Nilishona kanda za mistatili ya rangi kali, malori na mabasi yaliyobanana, zikashuka kutoka juu mpaka robo ya mwisho ya mfarishi. Chini nikaacha bluu tupu ya maji yenye kipande kimoja kidogo cheupe kwa mbali. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Dada mmoja alisema tu, "Hapo mimi nimeshalala usiku na mtoto."

Kitu kikishapatikana, ndipo naenda kutafuta vitambaa. Na hapa niseme wazi kwamba kununua vitenge vipya kwa ajili ya mfarishi wa inchi 20 ni kupoteza hela. Mafundi cherehani wana mifuko ya vipande wanavyotupa au kuwashia moto. Nina kijana mmoja anayeshona sare za shule karibu na duka langu, nampitia jioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Vipande vipo?"

"Vipo. Vya kijivu nimekuwekea mfuko wake, maana siku ile ulivitafuta sana."

Kijivu nilikitafuta kwa sababu ya mada ya "Mawe". Mtu akikaa Mwanza akapewa mada hiyo atafikiria Jiwe la Bismarck, ule mwamba maarufu wa ziwani, na wengi wetu tulifikiria hilo hilo. Shida ni kwamba vitenge havina kijivu cha jiwe. Vina kila rangi iliyochangamka, lakini si ile ya mwamba uliopigwa jua na kulowana maji chini. Suruali za sare zinayo, tena ya aina nyingi: kijivu cha moshi, kijivu cha majivu, kijivu kinachoelekea bluu. Ila sare nyingi ni tetroni, yaani kitambaa chenye polista, na tetroni haitaki pasi ya moto kama pamba. Ukiichanganya na kitenge kwenye mfarishi mmoja, pasi iwekwe kwa ajili ya tetroni, na mishono ilazwe upande wa kitambaa chembamba ili unene usijikusanye.

Kitambaa chochote, kiwe kipya au kipande cha fundi, nakifua kabla ya kukikata. Kitenge kipya kina wanga na kinaweza kurudi baada ya maji ya kwanza. Kikirudi kikiwa tayari ndani ya mfarishi, uso wote unajikunja. Rangi nazo zinatoka, hasa nyekundu na nyeusi. Nafua mpaka maji yawe meupe, halafu naweka kitambaa cheupe chenye unyevu juu ya kile cha rangi na kupiga pasi. Cheupe kikipata doa, narudi kwenye beseni.

Kingine ninachokipenda kwenye vitenge vya bei nafuu ni mgongo wake. Rangi upande wa nyuma imefifia, kwa hiyo kipande kimoja kinakupa rangi mbili za ukoo mmoja, moja iliyokoza na moja iliyopauka. Kwa mshonaji asiye na bajeti hiyo ni neema kubwa.

Sasa niingie kwenye mfarishi ninaoupenda kuliko yote niliyoshona, maana ndio ulionifundisha kukoza na kufifisha. Mada ilikuwa "Mwanga". Nilijua kamba itajaa jua na mishumaa. Mimi nikakumbuka taa za wavuvi wa dagaa. Wavuvi hao hutoka usiku wa giza, kwa sababu dagaa hufuata taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hukosa nguvu. Ukisimama ufukweni Igombe usiku usio na mwezi unaona taa zimejipanga ziwani, chini ya kila taa mstari wa mwanga unaokatikakatika juu ya mawimbi. Zamani zilikuwa karabai tupu. Siku hizi wengi wana taa za betri na sola, na mwanga wake ni mweupe unaoelekea bluu, wakati wa karabai una umanjano.

Mfarishi wa mwanga, basi, ulipaswa kuwa karibu wote giza. Nililikusanya giza kwa bidii: kaniki, bluu nzito ya sare, zambarau, kijani kilichoiva, kahawia ya mgongo wa kitenge. Vyote hivyo machoni ni "vyeusi", lakini ukiviweka pamoja vinaachana. Njia yangu ya kuvipanga ni kuvitandika sakafuni, kuvipiga picha kwa simu, halafu kuigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Rangi inaondoka, kinabaki kiasi cha giza peke yake. Vipande viwili vilivyokuwa vinagombana kwa rangi unakuta giza lao ni sawasawa, na kingine ulichodhani kimekoza kinang'aa kuliko vyote. Asiye na simu ya aina hiyo afumbe macho nusu, atapata jibu lile lile.

Kwa umbo nilichukua ruwaza kongwe ya Wamarekani, ile ya nyumba ya magogo. Katikati panakaa mraba mdogo, na kwa desturi huwa mwekundu ukisimama kwa moto wa meko ndani ya nyumba. Kuuzunguka zinashonwa kanda moja baada ya nyingine, upande mmoja za rangi nyepesi na mwingine za rangi nzito. Nikaona kwamba kama ule mraba unaweza kuwa meko, kwangu unaweza kuwa taa ya mtumbwi. Nikapanga miraba 16, minne kwa minne, kila mmoja inchi 5. Safu ya juu ni anga, ya pili ndiyo yenye taa, mbili za chini ni maji. Taa zikawa nne tu, miraba mingine nikaiwekea kitovu cha giza. Kuzunguka kila taa nilianza na ukanda wa kahawia na zambarau, kisha kaniki, ili mwanga uonekane unaishia taratibu na si kukatwa ghafla.

Hesabu yake iko hivi. Ukanda unaotaka ubaki na upana wa inchi 1 unaukata inchi 1 na nusu, kwa sababu robo inchi kila upande inaliwa na mshono. Mraba wa kati inchi 1, kanda mbili kila upande, jumla inchi 5. Lakini safu nzima ina vipande 20 vilivyounganishwa. Mshono ukila, kila upande wa kipande, sehemu moja tu ya 16 ya inchi zaidi ya inavyotakiwa, ukifika mwisho wa safu umepoteza zaidi ya inchi mbili, na mfarishi wa inchi 20 haupo tena. Ndiyo maana nimebandika tabaka kadhaa za plasta kwenye bati la cherehani, robo inchi kamili kutoka kwenye sindano. Kitambaa kinasukumwa kikigusa ukingo wa plasta, hakipiti wala hakirudi. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, umeme ukikatika naendelea. Vielelezo vya kukatia ninatengeneza kwa kadibodi ngumu ya maboksi ya taili, na kunyoosha natumia rula ya chuma ya duka langu, maana futi kamba ya kitambaa huvutika ikizeeka.

Taa tatu nilizishona kwa manjano, ya nne kwa nyeupe iliyo na bluu kidogo. Mianga ya majini sikuishona kwa vipande kabisa. Niliiacha mpaka hatua ya kushikisha tabaka tatu, nikatumia uzi mnene wa manjano kwa mkono, mishono ikashuka wima chini ya kila taa, mingine mirefu, mingine mifupi, kwingine nikiruka. Hivyo uzi unaoshikilia mfarishi ukawa ndio ule mwanga juu ya maji. Ulipotundikwa, mama mmoja ambaye mumewe alikuwa mvuvi aliusogelea, akagusa taa ya nne akasema, "Huyu ameshahamia sola. Wenzake bado wana karabai." Sikuwa nimemwambia mtu.

Kuhusu kijazio nitasema kwa ufupi. Sufi inafaa mito, si mfarishi, kwa sababu inajikusanya mabonge. Pamba inapatikana, tuko Kanda ya Ziwa ambako pamba nyingi ya nchi hii inalimwa, lakini pamba iliyotandazwa kwa mkono inahama ikifuliwa, na dawa yake ni kuishona kwa mistari iliyokaribiana sana. Mimi naenda soko la Mlango Mmoja kutafuta blanketi jepesi la mtumba, nalikata mifarishi kadhaa. Mgongo ni shuka la zamani. Nashikiza tabaka zote kwa bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kutoka katikati kwenda pembeni, kisha nashona, kisha naondoa bandi, kisha ukingo.

Mada iliyonigusa zaidi moyoni ilikuwa "Tulichosimuliwa". Wakati naitafakari nilikuwa nimesoma habari za Harriet Powers, mwanamke aliyezaliwa utumwani Georgia, Marekani, mwaka 1837. Mwaka 1886 alipeleka mfarishi wake wa visa vya Biblia kwenye maonyesho ya pamba mjini Athens huko huko Georgia, na mwaka 1891, maisha yalipombana, akauuza kwa dola 5. Leo umehifadhiwa kwenye makumbusho ya taifa, Washington. Mfarishi wake mwingine uko Boston, na ndani yake kuna usiku wa Novemba 1833 ambapo vimondo vilianguka kwa wingi angani. Tazama mwaka huo: hakuwa amezaliwa. Alishona alichosimuliwa, akakata watu, wanyama na nyota kwa kitambaa, akavibandika kwa sindano, na mpaka leo mtu anaona hofu ya usiku ule.

Hilo lilinipa ujasiri wa kushona mizani. Mama yangu alinisimulia mara nyingi jinsi babu alivyokuwa akipeleka pamba kwenye chama cha ushirika, na jinsi nyumba nzima ilivyosubiri kusikia mzigo umekuwa kilo ngapi. Mimi sikuwahi kuiona mizani ile. Nilimkalisha mama, akanichorea kwa kidole mezani ilivyoning'inia, ndoano ilikuwa wapi, gunia lilikaaje. Nilikata vipande kwa kufuata kidole chake. Alipouona umekamilika alisema ndoano ilikuwa juu zaidi, nikaifumua nikaipandisha.

Mada iliyo mezani sasa ni "Upepo", imetolewa na yule muuguzi. Wengi naona wanafikiria matanga. Mimi nimeshaamua ni dagaa walioanikwa wakati mvua inapotisha kunyesha, wanawake wanakimbia kukunja nyavu na turubai, na kila kitu kinavutwa upande mmoja. Nahitaji rangi ya fedha ya dagaa, na kitenge chenye rangi hiyo bado sijakipata. Kijana wa sare ameniahidi bitana za makoti, zile zinazong'aa. Zinateleza sana kwenye cherehani, kwa hiyo kabla ya kuzikata nitazishikiza kwanza juu ya kipande cha shuka, nione kama zitatulia.