Harufu ya koili

Juzi feni ya chumbani kwa Mama iliungua. Kabla moshi haujaonekana, harufu ilishafika sebuleni: vanishi ya koili, ule waya wa shaba uliozungushwa, ikiungua taratibu. Nilikimbilia swichi ya ukutani, lakini akili ilishanirudisha kwenye alasiri ile ya jozi mbili za spika, sebule hii hii, Ngamiani, Tanga.

Amplifaya ni ileile ya marehemu Baba, wati 25 kila upande kwa mzigo wa omu 8 (omu hupima ukinzani wa umeme; mzigo ndiyo spika). Kuibadili sikutaka hata kusikia. Zilizokufa ni spika zake: sponji inayozunguka koni, kile kikombe kinachotikisika, ilikuwa imeoza, ukiigusa inamong'onyoka kama mkate mkavu. Sponji ya aina hiyo huoza hata spika ikikaa bila kupigwa, na unyevu wa pwani huiharakisha. Ukingo wa mpira hudumu zaidi. Nikaazima jozi mbili za kujaribu kutoka kwa watu waliokuwa wakihama. Kila moja bei ya pikipiki.

Jozi ya kwanza ilikuwa ndefu na nyembamba, omu 4, karatasi yake ya kiwandani ikisema desibeli 88, yaani ukubwa wa sauti inayotoa. Ya pili pana, nzito, omu 8, desibeli 91, wufa (spika ya besi) ya inchi 8 yenye koni ya karatasi na ukingo wa mpira. Nikaona tofauti ni desibeli 3 tu. Nilisoma vibaya. Ile 88 ilipimwa kwa volti 2.83. Volti hizo kwenye omu 8 ni wati 1, lakini kwenye omu 4 ni wati 2. Ukiirudisha kwenye wati 1 inabaki 85. Kwa hiyo tofauti ya kweli ilikuwa 6, na kila desibeli 3 zinadai nguvu mara mbili: pale jozi pana ilipotosheka na wati 1, ndefu ilitaka 4. Tena omu 4 huvuta mkondo maradufu kwa volti zilezile, na amplifaya ya Baba haikuundwa kwa mzigo huo.

Mengine niliyafanya sawasawa. Mita ya fundi ilisoma omu 3.4 kwenye ndefu na 6.1 kwenye pana (mita hupima waya wa koili peke yake, ndiyo maana husoma pungufu, si ubovu). Nikagusisha betri ya volti 1.5, chanya kwenye nyekundu: koni zote zikasukumwa nje, basi hakuna iliyofungwa kinyume. Waya wa milimita 2.5 za mraba, mita 4 kila upande. Matundu ya besi yalikuwa nyuma, nikazivuta sentimita 60 kutoka ukutani ili besi isivimbe. Juu ya saruji nikatandika zulia la mkonge, maana sakafu tupu na kuta tupu hurudisha sauti mpaka maneno yanaparamiana.

Kaseti ya Black Star, kundi la taarabu la hapa Tanga. Jozi ndefu kwanza, kifundo cha sauti kikielekea saa nne tu, kama mshale wa saa.

Kaseti ile naijua tangu utoto. Siku hiyo nilisikia pumzi ya Shakila, mwimbaji wao, kabla ya neno lenyewe. Nilisikia vidole vikigonga vitufe vya kodiani, na gita la besi likitembea chini, kila noti ina mwanzo wake na mwisho wake. Mama alikuwa barazani akipeta mchele. Ungo ukanyamaza. Akaja akasimama mlangoni, ungo bado mkononi, pumba zimemganda kwenye kanga, akawa anatazama ukuta mtupu katikati ya spika mbili.

"Mwanangu, huyu kasimama wapi?"

"Hapo hapo unapotazama, Mama."

Hakujibu. Alisimama mpaka wimbo ukaisha.

Jioni akaja Mjomba na wenzake wawili. "Ongeza bwana, tumsikie na sisi." Kifundo saa sita. Kifundo saa nane. Herufi "s" zikaanza kuchana masikio, na hiyo ndiyo dalili: amplifaya imefika mwisho, wimbi linakatwa kichwa. Wimbi lililokatwa hivyo hujaa sauti za juu ambazo chanzo hakikuwa nazo, krosova (kigawa sauti ndani ya spika) inazipeleka zote kwenye twita, kispika kidogo cha sauti za juu, na koili ya twita ni waya mwembamba kama unywele. Hayo yote nilikuwa nayajua. Mkono sikuunyoosha, kwa kuwa Mjomba alikuwa amefumba macho.

Kisha ile harufu. Twita ya kushoto kimya.

Nililipia twita nyingine, nikairudisha jozi ndefu kwa mwenyewe, nikanunua ile pana. Mpaka leo inapiga. Kifundo kikifika saa nne uani kote kunasikika, na amplifaya haipati hata uvuguvugu. Kwa hesabu, nilichagua sawa. Ila Shakila hajasimama tena pale ukutani. Pengine kitu cha kubadili kilikuwa amplifaya, na ni mimi niliyeshindwa kuigusa kwa sababu ni ya Baba.

Juzi, nilipokwisha kuishusha feni, Mama alinusa hewa kidogo.

"Kama siku ile," akasema.

Nikamfungulia dirisha.