Leveli Tatu

Jana jioni binti yangu alisimama mlangoni akitazama wingu lililokuwa likijijenga nyuma ya mwamba wa Tororo. Akaniuliza, "Baba, hilo ni leveli ngapi?" Nikamwambia mbili, tuanue nguo. Tororo ni mji wa radi. Kati ya 1967 na 1976 zilihesabiwa hapa, kwa wastani, siku 251 za ngurumo kila mwaka. Lakini mimi nilishaondoka mlangoni pale kimawazo. Nilikuwa Sipi, kwenye mteremko wa Mlima Elgon, siku ya mwisho ya mashindano ya paragliding, mchezo wa kuruka kwa bawa la kitambaa lisilo na injini.

Asubuhi ile mjomba wangu, ambaye kahawa yake iko chini kidogo ya mahali tulipokuwa tukirukia, alipita akaangalia juu akasema, "Leo mlima umejifunika mapema." Utabiri tuliosomewa mkutanoni ulisema mvua baada ya saa kumi. Nilikuwa na maneno yote mawili kichwani nilipoliinua bawa. Nikaruka, kwa sababu hewa ya saa sita ilikuwa nzuri kweli.

Njia ilifuata ukingo wa Elgon kutoka Sipi, ikapita juu ya mji wa Kapchorwa, halafu ikakata kwenda nje, kwenye tambarare ya Ngenge, kwenye goli, yaani mwisho wa mbio. Marubani wengi walitoka Ulaya. Wengine walikuwa ndugu zetu wa Iten, Kenya, waliozoea Bonde la Kerio, na hao ndio tuliokuwa tukizungumza nao Kiswahili. Mwanzo ule siukumbuki sana. Nakumbuka mabati ya Kapchorwa yakimeta chini yangu, variometa, kile kifaa kinachopima kasi ya kupanda na kushuka, ikilia vizuri, mita tatu kwa sekunde, na mimi nikizunguka ndani ya hewa ya moto pamoja na wenzangu wawili.

Kisha nikaacha kuzunguka, na bado nikawa napanda.

Anayeruka anajua maana yake: wingu linamvuta. Hewa ya kawaida ya kupanda ni nyembamba, unaitafuta, unaishika, ukitoka nje yake unashuka. Hii ilikuwa pana na laini kama zulia, haina kona, na kila nilikoelekea ilinibeba. Nikatazama nyuma: mlima haukuwepo. Kivuli cha wingu kilikuwa kimeshapita migomba na mashamba ya mahindi, kinateremka kwenda tambarare. Nikavuta masikio, yaani nikakunja ncha zote mbili za bawa, jambo ambalo siku nyingine hukushusha upesi. Nikakanyaga kamba ya mwendo, ile ya kuongeza kasi, mpaka miguu ikanyooka. Variometa ikasema mita tano kwa sekunde. Juu.

Mikono ikiwa imeshika kamba zile, niliyemkumbuka ni Ewa Wiśnierska. Kila rubani anaijua habari yake. Mwaka 2007, huko Manilla, Australia, siku chache kabla ya mashindano ya dunia, wingu la radi lilimfyonza mpaka mita 9,946. Alizimia kwa baridi na kukosa hewa, bawa likaendelea kuruka lenyewe, akazinduka, akatua hai. Rubani Mchina, He Zhongpin, aliingia katika tufani lile lile siku hiyo hiyo na hakutoka hai. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi nikiwa nimekaa kitini nyumbani. Pale juu, lile jina la pili ndilo lililokuwa likinirudia.

Mashindanoni kila rubani ana haki ya kutangaza redioni anachokiona, kwa leveli. Moja ni salama. Mbili ni kali, lakini inarukika. Tatu ni hatari. Mtu mmoja alikuwa ameshasema mbili. Mwingine, wa mbele kabisa, akasema moja. Mimi nikabonyeza nikasema tatu, nikarudia, sauti yangu nikaisikia kama ya mtu mwingine. Kukawa kimya. Halafu yule kijana wa Iten naye akasema tatu, na mkurugenzi akasimamisha kazi, yaani mbio za siku hiyo.

Tulikimbilia nje, mbali na mlima, masikio yakiwa yamevutwa, mpaka hewa ikatuachia. Nilitua katika shamba lililovunwa karibu na Ngenge, watoto wakaja mbio kushika kamba. Matone machache yakaanguka. Machache tu. Wingu liligeukia mashariki, likapita upande wa mlima Kadam na kuingia Karamoja, na mvua yake ikanyesha huko. Pale tulipokuwa, jua lilirudi.

Kazi ikisimamishwa, kila mtu huhesabiwa pale alipokuwa dakika chache kabla ya tangazo, ili anayelikimbia wingu asiadhibiwe kwa kukimbia. Ni kanuni nzuri. Lakini yule aliyekuwa mbele, aliyesema moja, alikuwa karibu kuliona goli, na siku hiyo ndiyo ingempa ushindi. Jioni alikuja nilipokuwa nimekaa. Hakupaza sauti. Alisema alikuwa katika hewa tulivu muda wote, na kwamba hakuiona tatu. Sikupata la kumjibu. Kijana wa Iten akanivutia sahani ya posho na maharage akasema, "Kaka, tumehesabiana na tumetimia. Kula."

Usiku ule walipofungua rekodi za GPS nikaomba kuziona. Mstari wangu ulikuwa unapanda, mita tano kwa sekunde, masikio yamevutwa, wakati ule ule niliposema tatu. Wake, kilomita chache mbele, ulikuwa umenyooka, hautikisiki. Niliiangalia mistari ile miwili kwa muda mrefu. Hakuna uliodanganya.

Mwaka uliofuata yeye hakuja. Sijui kama ni kwa sababu yangu. Ningekuwa tena pale juu ya Kapchorwa, nadhani ningebonyeza redio na kusema neno lile lile, na bado ningependa aketi mbele yangu tena anisimulie, taratibu, hewa yake ilikuwaje.