Ua wa ochuoga

Mbuzi wa jirani walipomaliza tena sukumawiki ya mama, baba mdogo alitujia Nyakach na miche ya kayaba, mti wa miiba wa kuzungushia ua, aliyoinunua Kisumu. Wakati huo kayaba ndiyo iliyokuwa heshima ya boma. Mama akampa chai, akamshukuru kwa moyo, kisha akasema, "Shemeji, hii nitaipanda nyuma, karibu na zizi. Mbele ya nyumba nataka ochuoga."

Baba mdogo akaweka kikombe chini. Ochuoga, ule mtandamboo wa porini? Ule unaojiotea kwenye mawe ya Nyabondo?

Huo huo. Miche ilikuwa tayari nyuma ya jiko, kwenye pakiti za maziwa zilizotobolewa chini. Mbegu tulizileta sisi watoto: mama alitutuma mlimani tukachume matunda yaliyokwisha kuwa meusi tititi, maana mabichi hutoa utomvu mweupe unaonata midomoni. Tulikula mengi kuliko tuliyoleta, na mama hakugomba. Alizikamua mbegu, akaziosha, akazianika kivulini muda mfupi tu, akazitia udongoni.

Tukashika majembe siku ile ile aliyokuja baba mdogo, ardhi ikiwa bado imelowa mvua ya masika. Mama alitaka mistari miwili, mche wa mstari wa pili ukae mkabala na pengo la ule wa kwanza, ili ukikua miiba ifungane. Baba mdogo alichimba mashimo huku akibisha: unakua polepole mno, mbuzi wataumaliza kabla haujafika magotini. Kuhusu mbuzi alisema kweli. Majani yake machanga wanayapenda sana, ikabidi tuulinde kwa matawi makavu ya miiba kwa muda mrefu. Lakini mama hakuyumba.

"Huu ulikuwa hapa kabla yetu, shemeji. Kiangazi unakijua. Na hiyo kayaba yako haitaninukia jioni."

Ua ulipokomaa ulinukia kweli: maua meupe yenye mgongo wa waridi, yamesongamana kwenye ncha za vitawi, nyuki hawabanduki. Ndiyo maana kaka yangu anapotaka kuunyoosha kwa panga uwe kama ukuta, nabishana naye. Ukikata ncha kila mara huyapati maua, na pasipo maua hakuna matunda, nayo watoto wa boma letu bado wanayagombania. Tunaupunguza matunda yakishaisha, basi.