Makosa matatu ya saa tisa usiku

Juzi mwanangu alimaliza hesabu zake za nyumbani akafunga daftari. Nikamwambia akague. Akasema ameshakagua, tena mara mbili. Nikamwambia akague tena, basi tu, ubishi wa mzazi. Akanitazama kwa ule uchovu wa watoto wanaojua wako sahihi: "Lakini mama, kama nimekagua na sijaona kosa, si maana yake halipo?"

Nikamwambia akalale.

Jibu ninalo, ila halimfai mtoto anayetaka kulala. Nililipata saa tisa usiku, ndani ya chumba cha mitambo chenye baridi ya kuumiza masikio, kutoka kwa mzee wetu wa kazini, fundi mkongwe, aliyekuwa amelala chini juu ya boksi la katoni, koti usoni. Kazi ilikuwa kulaza kilometa 60 za faiba, nyuzi za kioo zinazobeba data kwa mwanga; mitaro, vibali na mvua navipita. Faiba ilikuwa imeshalazwa, imeshaunganishwa, imeshapimwa upotevu wa mwanga. Lililobaki ni jaribio la makabidhiano: gigabiti 10 kwa sekunde, yaani biti bilioni kumi, kila biti ikiwa moja au sifuri, saa 24 mfululizo, makosa sifuri.

Hiyo sifuri iliandikwa kwenye mkataba na mtu ambaye hatukuwahi kumwona. Kiwango cha Ethaneti ya gigabiti 10 (Ethaneti ndiyo lugha ya kutumiana data kwenye mitandao), kile cha mwaka 2002 cha IEEE, shirika la wahandisi linaloweka viwango, hakidai sifuri. Kinaruhusu biti moja iharibike katika kila biti trilioni moja. Kwa kasi hiyo trilioni moja hupita kwa sekunde 100 hivi, kwa hiyo kiungo kinachokosea mara moja kila dakika moja na nusu na ushee kinahesabika kizima. Mzee alisoma kile kifungu cha mkataba akacheka puani, kisha akasaini. Mteja ni mteja.

Jaribio lenyewe ni rahisi kulieleza. Kifaa cha kupimia kinatuma mfuatano wa biti unaoonekana kama umerushwa ovyo, kumbe una kanuni. Ule tuliotumia una biti 2,147,483,647 kabla ya kujirudia. Upande wa pili tuliweka kifaa cha kuzipokea biti na kuzirudisha zilezile bila kufungua fremu, yaani vifurushi ambamo biti husafiri. Kwa kuwa mfuatano unajulikana, kifaa cha kwetu kinajua kila biti inayorudi ilipaswa kuwa ipi, kama wanafunzi wawili waliohifadhi shairi moja, mmoja anaghani na mwingine anasubiri ateleze. Kwenda na kurudi ni kilometa 120. Mwanga ndani ya kioo husafiri kama kilometa laki mbili kwa sekunde, na nilipopiga hesabu nikakuta kwamba wakati wowote ule biti kama milioni sita ziko njiani, zimeshaondoka na hazijafika. Hilo lilinifurahisha kuliko nilivyotaka mzee ajue.

Tulianza saa tisa alasiri. Kabla ya kuanza mzee alifanya analofanya siku zote: alibonyeza kitufe cha kuingiza kosa la makusudi. Kihesabio kikasoma 1. "Sasa tunajua kinajua kuhesabu," akasema, akakirudisha sifuri. Nimewaona mafundi wengi wakiiruka hatua hiyo, wakakaa mchana kutwa wakiitazama sifuri ya kifaa ambacho hakijashika mfuatano wala hakilinganishi kitu.

Zamu ya usiku ilikuwa yangu.

Kutazama sifuri ni kazi ya ajabu. Hakuna kinachotokea, na hicho ndicho unacholipwa uone. Feni zinaunguruma kwa sauti moja mpaka unaacha kuzisikia, kisha unaanza kusikia vitu ndani yake, watu wanaongea, simu inaita. Taa za swichi zinapepesa. Sifuri ni ya kijani. Unaangalia pembeni, ukirudi ni ya kijani. Chini yake saa ya jaribio inasogea, na kadiri inavyosogea ndivyo ile sifuri inavyozidi kuwa ya thamani, na wewe unazidi kuwa mwoga. Saa ya kwanza kosa lingekuwa usumbufu tu. Saa ya kumi na moja tayari unajiona kama umebeba trei ya mayai. Nilikuwa nimeacha hata kuegemea meza.

Kisha ikawa 3, nyekundu.

Sikuiona ikibadilika. Nilikuwa naitazama, naapa, lakini sikuiona. Nilichokiona ni kwamba imeshakuwa 3 na nyekundu, kama vile ilikuwa hivyo tangu alasiri. Nilingoja iwe 4, iwe 400, konekta ifunguke, kiungo kife, kitu kinachoeleweka. Ikabaki 3. Feni zikaendelea kuunguruma.

"Mzee," nikasema. "Mzee, makosa matatu."

Koti halikusogea. "Fremu ngapi?"

Nikatazama. Kuna safu nyingine inayohesabu fremu ambazo hesabu yake ya ukaguzi haikulingana. "Moja."

"Basi kosa ni moja. Pumzika."

Nadhani nilisimama pale muda mrefu kidogo, kwa sababu hatimaye aliondoa koti, akaketi, akaomba kalamu na kuanza kuchora juu ya lile boksi alilolalia. Biti za Ethaneti hii, akasema, hazitumwi kama zilivyo. Huvurugwa kwanza kwa kanuni maalumu, ili pasiwe na msururu mrefu wa moja tupu au sifuri tupu utakaokifanya kipokezi kipoteze mapigo. Upande wa kupokea huzivurugua: kila biti inayotoka hupatikana kwa kuchanganya iliyofika sasa hivi, ile iliyofika biti 39 kabla yake, na ile iliyofika biti 58 kabla yake. Sasa moja ikifika imeharibika? Inatumika mara tatu. Sasa hivi, baada ya biti 39, baada ya biti 58. Makosa matatu ndani ya fremu ileile. Akazungushia duara ile 39 na ile 58, akanirudishia kalamu.

"Lakini tulipobonyeza kitufe ilisoma moja."

"Lile tuliliingiza kwenye data, kabla ya kuvurugwa. Hili limetokea huko nje." Akaonyesha ukuta kwa kidevu, kama kwamba kilometa 120 za kioo zilikuwa nyuma yake tu.

Nikauliza huko nje wapi, wakati wa kwenda au wa kurudi. Akasema hatutajua. Nikauliza sababu. Akaanza kuhesabu kwa vidole: kelele ya kipokezi chenyewe, umeme uliocheza, mtu aliyegusa waya ng'ambo, hata kifaa cha kupimia. Vidole vilimwisha kabla ya sababu. Kisha akasema lile ambalo ningependa kumwambia mwanangu siku akikua: "Sifuri haisemi halipo. Inasema bado." Akajifunika koti.

Asubuhi akaja dada wa upande wa mteja, mtaratibu, mwenye faili. Mzee alimweleza vizuri sana, bila hasira: kwa saa kumi na mbili zile kiwango kingeturuhusu makosa zaidi ya 400, nasi tumepata moja. Dada alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, mzee. Lakini nikipeleka hii wataniuliza hiyo moja imetoka wapi."

Hakuna aliyekuwa na la kumjibu. Alikuwa sahihi, na mzee alikuwa sahihi.

Basi tukafungua kila konekta tuliyoweza kuifikia tukaiweka chini ya darubini. Njia ya mwanga katika faiba ya aina ile ina upana wa mikromita 9 hivi, kwa hiyo chembe ya vumbi usiyoiona kwa macho inatosha kuiziba. Zilikuwa safi. Mwanga uliokuwa ukifika tuliupima tena: ulikuwa desibeli saba juu ya kiwango cha chini ambacho kipokezi kile kinaweza kusoma. Hakuna tatizo. Mzee akachukua kalamu ya kusafishia akazisafisha zote, moja baada ya nyingine, hizo zilizokuwa safi. Nilimtazama, naye akaniona nikimtazama.

Tukaanzisha upya. Saa 24, sifuri. Kwenye fomu kulikuwa na safu mbili, "Sababu" na "Hatua iliyochukuliwa". Ya pili mzee aliandika: konekta zimesafishwa, jaribio limerudiwa. Ya kwanza aliweka kistari. Dada akakitazama kile kistari kwa muda, akasoma tena safu ya pili, akasaini.

Njiani kurudi nilimuuliza mzee kama tungefaulu bila kusafisha. "Labda," akasema. "Na labda tungefeli hata kwa kusafisha."

Miaka baadaye ndipo nilipopiga hesabu zake sawasawa. Tuseme kiungo kina tabia ya kukosea mara moja kwa siku, kwa wastani, bila mpangilio. Uwezekano wa kukipima siku nzima na kupata sifuri ni kama asilimia 37. Yaani katika kila majaribio matatu, moja hivi litafaulu hata kama hujagusa kitu. Na ukiigeuza hesabu, sifuri ya siku nzima inakupa haki ya kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba wastani wa makosa hauzidi matatu kwa siku, basi. Hicho ndicho tulichokabidhi. Kiungo kilikuwa kilekile usiku wa kwanza na wa pili. Karatasi ndiyo iliyobadilika. Au pengine palikuwa na chembe moja ambayo darubini haikuiona, na ile kalamu ikaiondoa. Siwezi kuapa upande wowote.

Vijana ninaofanya nao kazi sasa huniona wa kale ninaposimulia haya. Viungo vyao vya gigabiti 400 vina usahihishaji ndani yake: biti za ziada hutumwa pamoja na data, na mpokeaji anarekebisha mwenyewe. Aina inayotumika sana inavumilia kiwango cha makosa cha 2.4 kwa kila biti elfu kumi kabla ya kusahihisha, yaani karibu makosa milioni mia moja kila sekunde, na mtumiaji hajui lolote. Mmoja wao aliniuliza kwa nini tulikesha kwa ajili ya biti moja. Nilianza kumweleza habari ya 39 na 58, nikaona macho yake yameshahamia kwenye simu.

Fomu lakini hazijabadilika, safu ya "Sababu" ipo mpaka leo. Mara kadhaa nimejaribu kuandika humo "haijulikani". Hurudishwa. Nikiandika "konekta zimesafishwa", hazirudi.