Harusi chini, wateja juu

Nauza khanga na vitenge Kariakoo, lakini nusu ya wateja wangu sijawahi kuwaona sura. Wanaagiza kwa WhatsApp, wanalipa kwa simu, nami napeleka mizigo yao kwenye mabasi ya alfajiri pale stendi ya Mbezi. Siku moja mwaka 2021, mama mmoja wa Mbeya aliniandikia saa nne usiku: "Mwanangu, ile doti ya bluu iache, nipe ya kijani."

Meseji ilifika. Ila ilifika katikati ya matangazo ya bahati nasibu, kikundi cha harusi chenye watu zaidi ya mia, na programu ya tochi iliyokuwa ikinihimiza nisafishe simu. (Tochi na usafi wapi na wapi, mpaka leo sielewi.) Nikafagia zote kwa kidole, nikalala. Saa kumi na moja alfajiri bluu ikapanda basi.

Simu ilikuwa imeniomba muda mrefu niisasishe, itoke Android 10 iende 11, nami kila siku nabonyeza baadaye. Nilikuwa nahurumia bando, na nafasi yenyewe haikuwepo. Simu imejaa picha za vitenge. Baada ya kulipia ule mzigo kurudi Dar na wa kijani kwenda, nikasema liwalo na liwe. Kwanza nikahifadhi nakala ya mazungumzo ya wateja, maana humo ndimo yalimo makubaliano yote ya bei. Picha nikazihamishia kwenye kadi ya kumbukumbu. Nikanunua bando la usiku, nikachomeka chaji, nikaiacha.

Siku mbili za mwanzo nilijuta. Simu inachemka, chaji haifiki jioni, na kile kiprogramu cha zamani nilichokuwa naandikia madeni kikagoma kufunguka. Joto lilitulia lenyewe siku ya tatu. Madeni niliyarudisha kwenye daftari la karatasi, na yako huko hadi leo.

Kilichonirahisishia kazi ni kitu ambacho ningeweza kukipita bila kukiona. Nikiteremsha arifa, meseji za watu zinakaa juu, kwenye sehemu yao ya mazungumzo, na tochi na wenzake wanasubiri chini. Halafu ukishikilia arifa ya mtu kwa kidole, unaweza kumpa kipaumbele. Nikawapa cheo hicho wanne: kijana wa bodaboda, wakala wa basi, mzee anayeniuzia kwa jumla, na mama wa Mbeya. Picha zao zinajitokeza hata skrini ikiwa imefungwa. Kikundi cha harusi nikakinyamazisha, bibi harusi anisamehe. Usiku nawasha Usinisumbue, na hao wanne nimewaruhusu wapite. Zamani nilikuwa napekua meseji huku nimekumbatia furushi stendi. Sasa naangalia kabla sijafunga mzigo, basi.

Kuna na historia ya arifa. Hii huja imezimwa. Mpaka uiwashe mwenyewe kwenye mipangilio. Ukishaiwasha inakutunzia arifa za saa 24 zilizopita, hata zile ulizozifagia. Niliiwasha kwa ajili ya uzembe wangu mwenyewe, kumbe ingenifaa kwa mwingine.

Dada mmoja wa Morogoro aliandika, "Sawa, nachukua kwa 14,000, tuma." Nilikuwa napima kitambaa, nikaisoma juu kwa juu bila kuifungua. Nilipomaliza nikakuta ameifuta, na chini yake ameandika kwamba tulikubaliana 12,000. Nikaingia kwenye historia. Ipo, na saa yake. Nikapiga picha ya skrini, nikamtumia bila neno lolote.

Akakaa kimya kama dakika kumi. Kisha zikaingia 14,000, na meseji nyuma yake: "Haya dada, umenikamata. Basi nikatie na kilemba."

Nikamkatia.