Zamu yangu ya mchezo ni tarehe 28, na laptopu nimeshaichagua

Jamani kitufe cha A kimekufa. Sio kimelegea, sio kwamba kinataka kubonyezwa kwa nguvu, kimekufa kabisa, na kama unachapa Kiswahili siku nzima kama mimi unaelewa huo ni msiba wa aina gani, maana bora ingekufa Q, hata X ningeizika kimya kimya bila kumwambia mtu, lakini A? Wiki mbili zilizopita kijana kaja hapa steshenari anataka barua ya maombi ya kazi, kakaa pembeni yangu anaangalia kioo, mi nachapa kwa kasi zangu macho yako kwenye karatasi yake, nasikia anacheka. Kuangalia, kioo kimeandika YH: MOMBI Y KZI. Akaniuliza dada hiyo lugha gani. Nikacheka na mimi, ila nilitamani meza inimeze.

Siku tatu niliishi kwa kukopi A moja afu kila inapohitajika napesti, Ctrl na V, Ctrl na V, barua ya ukurasa mmoja inakula dakika arobaini. Nikashindwa, nikanunua kibodi ya kuchomeka ya elfu 15. Sa hivi hii laptopu ina kibodi ya nje, kipanya cha nje, na chaja ambayo lazima uikunje kwa pembe yake maalumu afu uiwekee daftari juu isitoke. Bawaba ya kushoto ilikatika mwaka juzi kwa hiyo kioo kinaegemea ukuta. Betri ndo usiseme, umeme ukikatika inazima kabla sijamaliza kusema "eeh!". Yani ni kompyuta ya mezani iliyobaki na jina tu la laptopu.

Nisiitukane lakini. Niliinunua 2016, tena used, prosesa yake (ule ubongo wa kompyuta) ni i5 ya kizazi cha tatu, yani toleo la zamani, na ndo iliyonifungulia hii steshenari hapa Morogoro. Imechapa mitihani, CV, kadi za sendoff, katiba za vikundi, hadi barua moja ya mtu kumwomba msamaha mkwewe (ile nilimpunguzia bei).

Kilichonifanya niseme basi hata sio ile A. Ni Windows. Hii yangu ni Windows 10 na Microsoft walishaacha kuisapoti tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 imenikataa mlangoni, inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na kwa upande wa Intel inataka prosesa kuanzia kizazi cha nane, mi niko cha tatu, hata foleni sijafika. Najua kuna njia za kuilazimisha iingie hivyo hivyo, fundi wangu alitaka kunifanyia, nikakataa. Kama ingekuwa laptopu ya kuangalia muvi nyumbani nisingejali sana. Ila hapa watu wanakuja na flashi zimetoka kila kona ya dunia zimejaa virusi, afu hao hao wanaacha skani za vitambulisho na vyeti vyao kwenye mashine yangu, wanafunzi msimu wa mikopo wanaingia kwenye akaunti zao hapa hapa mbele yangu. Siku mtu kaibiwa kwa sababu ya mashine yangu nitamwambia nini mzazi wake?

Mdogo wangu akaniwekea Linux Mint, mfumo wa bure wa kutumia badala ya Windows, kwenye flashi nijaribu, na kwa haki yake ilikimbia vizuri kuliko nilivyotegemea, mashine ikawa kama imekunywa supu. Tatizo wateja wangu wanakuja na faili za Word, walimu ndo balaa, mtihani una jedwali ndani ya jedwali na milinganyo ya hesabu, nikiufungua kwenye LibreOffice, ile mbadala ya bure ya Word, swali la 4 limehamia ukurasa wa pili na mchoro umepanda juu ya maelekezo. Mwalimu hataki kusikia habari za programu huria, anataka mtihani wake ukae alivyoukalisha. Kwa hiyo hapana, ila hii ya zamani ikistaafu nitaiwekea Mint watoto wachezee.

Sasa hela. Tuko kumi kwenye mchezo, elfu 70 kila mwezi, zamu yangu ni ya saba na inaangukia tarehe 28 mwezi huu. Laki saba kamili. Na mnajua hela ya mchezo ilivyo, kabla haijafika ishakuwa na ndugu, mara bati la choo, mara shemeji ana shughuli, nikasema hii hapana, hii nimeshaitangazia kazi yake mapema nyumbani kila mtu akasikia. Toka hapo nimekuwa mtu wa kuangalia video za laptopu hadi saa saba usiku, kwenye simu, maana laptopu yenyewe inakwama kwama.

Mwezi uliopita nilishuka Dar kwenye msiba, nikapata masaa mawili nikapita Kariakoo, mtaa wa Aggrey na ile mitaa ya karibu yake. Duka la kwanza tu, kijana ananiona na mkoba wangu: "Dada karibu, hii ya pinki ndo yako." Kweli ilikuwa nzuri, nyembamba, mpya, ipo kwenye boksi na waranti ya mwaka, na bei haizidi hela yangu. Nikamwambia niwashie. Prosesa Celeron N4020, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 4GB, hifadhi 64GB. Hapo ndo mtego ulipo jamani, hiyo Celeron ina kori mbili tu, yani ni kama wafanyakazi wawili, hiyo RAM ukiuliza kuongeza unaambiwa imechomelewa kwenye bodi, na kwenye hizo 64 Windows ikikaa na apdeti zake wewe unabaki na sehemu ya kuweka kadi mbili za harusi. Mpya ndio, ila mpya ya kitu gani? Nikamwambia asante kaka, akaenda kuleta nyingine, "basi dada hii ni i7". Nikauliza kizazi cha ngapi, akajifanya anatafuta chaja. Ilikuwa cha tatu! Rika moja na hii hii ninayoikimbia. Wengi tunakariri i5 na i7 kama madaraja ya basi, kumbe i7 ya kizazi cha tatu ya kwenye laptopu inaweza kuwa kori mbili tu, wakati i5 ya kizazi cha nane kama 8250U au 8350U ni kori nne.

Nitakuwa muongo nisipoitaja MacBook Air ya M1. Shemeji yangu anayo, ilitoka mwishoni mwa 2020 na hadi leo ukiifungua inaamka kabla hujakaa sawa, haina hata feni, iko kimya kama maji ya mtungi. Siku alipokuja nayo niliishika nikaipapasa, nikawa nimeshaanza kupanga nitaiwekea kava la rangi gani. Afu nikapiga hesabu. Used zuri niliambiwa milioni 1 na laki 4, yani zamu mbili za mchezo, na ile ya 8GB ni 8GB hadi kifo, RAM imo humo humo kwenye chipu, hifadhi nayo imechomelewa. Na meza yangu mnaijua, mteja akija na chai ya rangi haulizi pa kuiweka. Chai ikimwagika kwenye hiyo Mac ni kilio cha nyumba nzima. Nikamrudishia shemeji laptopu yake.

Zikabaki tatu, zote za ofisini za 2018, zote zinapatikana na kizazi cha nane, zote zinaingia na mizigo ya Dubai na Uingereza: HP EliteBook 840 G5, Dell Latitude 7490 na Lenovo ThinkPad T480. Kwa prosesa ni ndugu wa tumbo moja. HP ndo nzuri kwa sura, bodi ya alumini, T480 ukiiweka pembeni yake inafanana na tofali la choki. Na bado nimechagua tofali.

Sababu ni betri. T480 ina betri mbili, moja ndogo ya wati-saa 24 (kipimo cha umeme inaobeba) imo ndani, nyingine iko nyuma kwa chini unaitoa kwa vidole bila bisibisi, na ile ya nyuma inakuja kwa saizi tofauti, kuanzia ndogo ya 24 hadi kubwa ya 72. Ukiwa unafanya kazi unachomoa ya nyuma, mashine inaendelea kwa ile ya ndani, unachomeka nyingine iliyojaa, hujazima chochote, hujapoteza hata nukta. Nimeangalia hiyo video ya mtu anachomoa betri kioo kinawaka kama mara kumi na tano, mume wangu akauliza kwani mpira umeisha ngapi. Kwa kazi ya kuchapa tu tuseme inakula wati 8 hivi, 24 na 72 ni 96, hayo ni masaa kumi na mbili kama betri ni mpya. Za used hata zikibaki nusu, masaa sita, umeme haujawahi kunikatikia mchana masaa sita mfululizo, au tuseme mara chache.

Najua mtaniambia printa nayo inataka umeme. Sawa, ila kuprinti sio kazi, kazi ni kuchapa. Nikichapa barua sita kwenye giza, intaneti natoa kwenye simu, umeme ukirudi nazitoa zote kwa dakika tano wateja wanaondoka. Sa hivi umeme ukikatika nakaa mlangoni nahesabu bodaboda. Afu inachajiwa kwa USB-C, kwa hiyo hata chaja ikifa sio safari ya kutafuta ile yenye pini yake peke yake.

Ila kuna herufi moja ya kuangalia, safari hii sio A, ni S. T480 na T480s ni vitu viwili. Yenye s ni nyembamba, inavutia, lakini betri ya nyuma haina, ina ile ya ndani tu, na RAM moja imechomelewa, unabaki na nafasi moja ya kuongeza. Muuzaji atakwambia "ni ile ile dada, hii ndo nyepesi zaidi". Sio ile ile.

Mengine ya kukagua nimeyaandika nyuma ya kitabu cha madeni. Kioo kwanza, kuna T480 zilitoka na kioo cha pikseli (vidoti vya picha) 1366 kwa 768, ukikaa pembeni kidogo rangi zinageuka, mi nataka 1920 kwa 1080. Betri, unafungua ile sehemu ya kuandika amri unaandika powercfg /batteryreport, inakutolea ukurasa unaoonesha kila betri ilizaliwa na uwezo gani na sa hivi imebaki na uwezo gani, hapo muuzaji hana la kusema. BIOS, ile programu inayoamka kabla ya Windows, iwe haina neno la siri, maana hizi zilikuwa za makampuni na nyingine bado zimefungwa na wenyewe huko zilikotoka. Tundu za USB-C zote mbili nitazijaribu kwa chaja, T480 za mwanzo zilikuwa na kasoro kwenye programu ya chipu ya Thunderbolt, ile inayoendesha tundu la USB-C la kasi, Lenovo wakatoa apdeti ya kurekebisha ila sio kila mwenyewe aliiweka, na ikishaharibika inaweza hata kukataa chaji. Na RAM, nilipanga ninunue ya 8 niongeze mwenyewe baadaye, ila toka mwisho wa 2025 bei za RAM zimepanda vibaya kwa sababu viwanda vinazipeleka kwenye seva za akili mnemba, kwa hiyo nikipata yenye 16 humo humo nitaipigania hata kwa kupunguza kitu kingine.

Nimepata. Muuzaji mmoja pale pale Aggrey, huyu hakuniita mrembo wala hakuniletea ya pinki, alijibu maswali yangu yote hadi la kizazi. T480, i5, RAM 16, kioo cha 1080, laki sita na nusu baada ya kubishana siku nne kwa meseji. Betri ya nyuma ni ile ndogo, ile kubwa nitaitafuta zamu ijayo ya mchezo, au nikiuza ream za kutosha. Inabaki elfu 50, treni ya umeme kwenda na kurudi ni elfu 26, bodaboda, chapati mbili, tumemaliza.

Jana usiku nikakumbuka kitu nikashtuka, hizi za kutoka Ulaya nyingine kibodi zake zimepangwa kivingine, ile ya Kifaransa A imekaa pale penye Q. Nikamwandikia saa nne usiku, kaka samahani naomba picha ya kibodi, kwa karibu kabisa, washa na taa. Leo asubuhi kaituma. Mpangilio ni wetu huu huu. Nikaikuza nikaanza kusoma vitufe kimoja kimoja, E imesuguliwa hadi inang'aa kama kikaango, kumbe huyo mwenye nayo wa huko alikuwa mtu wa E. A bado ina ule ukavu wake wa dukani, kama haijaguswa.

Nikamwandikia niwekee hiyo, usimuoneshe mtu.